Maneno Yaliyokuwa Nyuma ya Majembe

Ijumaa moja ya mwaka tisini na nne, saa nne kasoro robo asubuhi, Mwalimu Selestina Odoyo alikuwa akisahihisha hesabu za darasa la nne B alipoitwa ofisini. Alikwenda na kalamu nyekundu mkononi, maana alijua akiiacha hataikuta. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ngosha, alikuwa anakula muhindi wa kuchoma huku anasoma barua, na punje moja ilikuwa imemganda kwenye sharubu.

"Mwalimu, tumepata mgeni rasmi," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo tunafanya Siku ya Utamaduni. Kila kabila lililopo hapa shuleni litaimba, litacheza na litapika. Wewe nimekupa nyimbo."

"Kwa nini mimi, mwalimu?"

"Wengine wote wamekataa."

Selestina alikuwa na miaka arobaini na moja, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimalizia mbele ya ubao. Alikuwa amechoka miguu, amechoka koo, amechoka hata kusema kwamba amechoka. Akajibu sawa, akarudi kwenye hesabu zake.

Shule ilikuwa ufukweni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kiseke alikokuwa akiishi. Nyuma yake mawe makubwa, mbele ziwa, katikati madarasa saba yenye mabati ambayo mvua iliyaheshimu kidogo tu. Wanafunzi walikuwa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara na Wajaluo wanane. Mgeni rasmi, Bwana Maige, alikuwa meneja wa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, kati ya vile vilivyoota pwani ile tangu serikali ilipowafungulia mlango wawekezaji. Minofu ilipanda ndege. Mapanki, yaani kichwa na mifupa, yalibaki kwa wenyeji, wakayakaanga na kumshukuru Mungu. Bwana Maige alikuwa ameahidi shule mabati mapya.

Mazoezi yalianza Jumatatu, na yalikwama siku hiyohiyo kwa sababu ya kibao. Kibao kilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa sahani, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyeusi: NIMEONGEA KILUGHA. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka naye amnase mwenzake. Aliyekutwa nacho kengele ya jioni ikigongwa alipelekwa nyuma ya stoo akala fimbo nne, kisha akafagia uwanja mpaka jua lizame. Kilikuwepo tangu kabla ya Uhuru. Kilichobadilishwa ni kamba tu.

Basi watoto wa Kisukuma walipoanza wimbo wa kulima, kiranja alimvisha kibao mwenye kuanzisha. Aliyepokea akavishwa, aliyeitikia akavishwa. Kwa dakika kumi kibao kilipita shingo kumi na nne, na wimbo ulikuwa haujamaliza ubeti wa kwanza. Selestina akaenda kuomba kipumzishwe kwa wiki moja.

"Nidhamu haiendi likizo, mwalimu," alisema Ngosha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu, na hakutaka kusikika wilayani. Alifikiri kidogo, akachukua ndoo ya chokaa, akatoka mwenyewe uwanjani na kuchora duara kubwa. Ndani ya duara, kuanzia saa nane mchana mpaka saa tisa na nusu, kilugha ruksa. Nje ya duara, kibao palepale.

Watoto waliingia ndani ya duara wakaimba, na wimbo ukatoka na matundu. Mmoja alikuwa hana jembe, mwingine hana mvua. Kijana mrefu wa darasa la saba alifika pa kumtaja ng'ombe akatoa hewa tupu, akanyamaza kwa adabu mpaka pengo lilipopita, kisha akaendelea. Neno ambalo mtoto alichapwa kwa ajili yake lilibaki shuleni, halikurudi naye nyumbani. Kila mtu alilijua hilo. Ndiyo ilikuwa maana ya kuchapa.

"Sasa tutaimba nini mbele ya watu?" Selestina aliuliza.

"Tutapiga makofi sana, mwalimu," alijibu Atieno, mtoto mwembamba wa darasa lake, mmoja wa wale Wajaluo wanane.

Nyumbani Selestina alikuwa na shida nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla.

Mama yake mzazi alipata kiharusi wakati wa Pasaka huko Rorya, akaletwa Kiseke amelazwa juu ya magunia ya mtama. Upande wa kulia ulikufa. Kiswahili nacho, kile alichojifunzia sokoni zamani mumewe alipokuwa kuli wa bandarini Mwanza, kikaondoka chote siku moja. Alibaki na Kiluo, lugha ya kwao Wajaluo. Selestina hakuwa na Kiluo. Alikuwa nacho mpaka darasa la pili, na darasa hilo la pili alilisoma katika shule ileile anayofundisha sasa. Mwaka ule kibao kililala shingoni mwake siku nyingi kuliko kilivyolala msumarini. Ilipofika Krismasi mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto amepona.

Kila jioni aliporudi kutoka shule, mama alimshika mkono wa gauni kwa ule mkono wake mzima, akamwambia sentensi moja. Ilikuwa ileile kila siku. Aliisema taratibu, kwa heshima, na asipoeleweka aliirudia, mpaka machozi yakamtoka. Selestina alikuwa amemletea maji, uji, blanketi, rozari, picha ya marehemu baba, na mara moja katekista. Mama alitikisa kichwa. Wakiwapo watu wengine haisemi. Otuoma, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, aliitwa makusudi aje amsikilize. Mama alimsalimu vizuri, akaongea naye Kiluo habari za mvua na za ndugu, alipomwuliza anahitaji nini akasema hana haja. Otuoma alipotoka tu, akaishika nguo ya Selestina na kuanza tena.

Selestina alijaribu kuibeba ile sentensi mdomoni ampelekee Otuoma. Ni hatua arobaini. Alipofika barabarani mdomo ulikuwa mtupu. Alijaribu kuiandika, kalamu nayo haikushika kitu. Akajaribu kujifunza upya: Otuoma anamfundisha neno, analirudia sawasawa, akivuka barabara tu limekwenda.

"Dada, mdomo wako unavuja," alisema Otuoma huku anaziba pancha.

"Najua, kaka."

Mganga wa zahanati, mtu mkweli kupita kiasi, alikuwa amemwambia asitegemee mama atafika Krismasi. Huo ulikuwa mwezi wa kumi. Selestina alihesabu jioni zilizobaki akaona ni chache. Kilichomuuma hasa hakikuwa kifo. Mama angekwenda zake akiwa ameomba kitu kimoja, kwa upole, kwa miezi yote hiyo, na mwanawe wa kumzaa ameshindwa kujua ni kitu gani.

Jumanne alikwenda stoo kutafuta ngoma.

"Shikamoo, mzee Shimba."

"Marahaba, mwalimu. Ngoma ziko huko nyuma ya majembe. Angalia usikanyage maneno."

Mzee Shimba alikuwa mlinzi, mtunza stoo na mpiga kengele wa shule hiyo tangu baruti za kupasulia mawe zilipomchukua vidole viwili. Alisogeza majembe na mifuko ya saruji iliyoganda. Nyuma kulikuwa na lundo la maneno, limeanzia sakafuni likafika kwenye kenchi za paa. Yalikuwa madogo, mepesi, rangi ya maganda ya karanga. Ya juu yalikuwa na unyevunyevu bado. Ya chini yalikuwa makavu, mengine yamepasuka.

"Yako hapa siku zote haya?"

"Siku zote. Mnachapia ukutani hapo nje, sasa yaende wapi? Mimi nafagia tu, nayasukuma kule. Mwaka wa themanini na tatu nilimwambia mwalimu mkuu aliyekuwepo, akasema nisiyamwagie maji."

Selestina aliokota moja, akalifumba kiganjani. Lilipopata joto likasema. Lilisema kwa sauti ya mtoto wa kike mwenye mafua, neno la Kijita, mara moja, kisha likatulia. Akalirudisha, akaokota jingine. Hilo lilikuwa la mvulana, la Kisukuma: mama. Alikaa juu ya mfuko wa saruji akaokota la tatu.

Mwalimu Ngosha alipoarifiwa alikuja akasimama mlangoni, akasema afadhali, maana alikuwa anaanza kuogopa aibu. Aliagiza maneno ya juu yagawiwe kwa watoto kufuata makabila. Mtoto aliweka neno chini ya ulimi akaingia duarani, na alipofika kwenye tundu la wimbo neno likajisema lenyewe. Mazoezi yalipoisha kiranja alisimama kwenye mstari wa chokaa na beseni la plastiki, kila mmoja akatema alichopewa kabla ya kutoka. Bila hivyo wangetoka nayo nje ya duara, na nje kulikuwa na kibao.

Selestina aliomba ruhusa atafute ya kwake.

"Ya mwaka gani?" Ngosha aliuliza.

"Sitini na mbili."

"Hayo yako chini kabisa. Tafuta, lakini baada ya vipindi. Na usivuruge ya nyimbo."

Basi kuanzia Jumanne hiyo, saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili, alikaa stoo akiyapasha maneno moto kiganjani, moja baada ya jingine. Alisikia watoto walioomba maji. Alisikia watoto walioitana mpira, walioulizana saa, waliotukanana mambo ya kawaida ya watoto. Wengi walikuwa wamesema njaa. Sauti nyingine alizitambua, maana alikuwa amewafundisha. Nyingine zilikuwa za watoto aliowachapa yeye mwenyewe, na hizo aliziweka haraka. Jumatano aliokota neno la Kikerewe akasikia sauti ya Chenge. Chenge alikuwa mtoto wa Paskazia, jirani yake, yule aliyekuwa akimkalia mama mchana. Alizama ziwani mwaka wa tisini, na mwili haukuonekana. Neno lenyewe lilikuwa la kumwita mtu asubiri. Selestina alilitenga juu ya dirisha ampelekee Paskazia. Giza lilipoingia alichoka, akafunga mlango, akasahau. Kesho yake mtu wa kugawa maneno ya nyimbo za Kikerewe aliliona hapo akalichukua, na Selestina hakulikumbuka tena.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu alilisikia la kwake. Alilijua kabla halijamaliza. Lilikuwa na ule mkwaruzo wa koo aliokuwa nao utotoni, na nyuma yake kulisikika upepo wa mwaka huo. Alilia pale alipokaa, bila aibu, na mzee Shimba akatoka nje kwenda kugonga kengele ambayo wakati wake ulikuwa bado. Chini ya hilo kulikuwa na mengine, yameshikana. Aliyapata kumi na moja. Mengine zaidi ya hayo yalikuwa yamekwisha kuwa vumbi.

Aliyafunga kwenye leso. Hakuyaweka chini ya ulimi siku hiyo. Aliogopa.

Siku ya Utamaduni ilikwenda vizuri, wazazi walijaa mpaka juu ya mawe. Kulikuwa na michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kulikuwa na ugali wa muhogo, na akina mama wa Ukara walileta dagaa waliotiwa karanga. Mwalimu Ngosha alisoma risala ya kurasa nne, kwa Kiswahili sanifu, akieleza kwamba lugha za mababu zetu ni hazina na kwamba mtu asiyejua alikotoka ni mtu wa kusikitikiwa. Pembeni yake, nje ya duara, kiranja alisimama wima na kibao mkononi, kwa sababu ilikuwa ni siku ya shule.

Kisha watoto waliimba. Wimbo wa kulima ulitoka mzima, hauna tundu hata moja, na majembe yakarushwa juu na kudakwa. Wazee walisimama. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisikia neno la sauti yake mwenyewe ya utotoni, lililofukuliwa toka chini, likitoka kwa mjukuu wa mtu mwingine, akalikubali kwa kichwa na kuendelea kutafuna muwa. Wimbo wa Kikerewe ulipofika katikati, msichana mwenye gauni lililofumuka kwapani alifungua mdomo, ikatoka sauti ya Chenge.

Paskazia alikuwa safu ya pili. Aliinuka akatembea mpaka kwenye mstari wa chokaa, akasimama hapo hadi wimbo ulipoisha.

"Mwalimu mkuu, samahani," alisema. "Hilo neno ni la mwanangu. Naliomba."

"Baada ya mgeni rasmi, mama," alisema Ngosha kwa sauti ya chini. "Baada ya mgeni."

Bwana Maige alifurahi sana. Alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la kweli, amevaa tai yenye picha ya samaki, na aliposhika kipaza sauti alisema utamaduni ni mali, na mali isiyotunzwa huoza. Aliuliza maneno yale yanahifadhiwa wapi. Akaambiwa stoo. Akasikitika.

"Stoo hayatadumu," alisema. "Sisi tuna barafu."

Alieleza kwamba wanunuzi wake wa Ulaya hupenda sana vitu vya asili, na kwamba ukumbi wa wageni pale kiwandani ulikuwa mtupu, una kalenda tu. Huko yangewekwa kwenye kioo, kila moja na kabila lake, na mgeni angeweza kulisikia kwa kubonyeza kitufe. Mabati yangekuja Jumatatu. Ngosha aliwatazama wajumbe wa kamati ya shule, wajumbe wakayatazama mabati ya baraza yaliyokuwa juu ya vichwa vyao, na jambo likapita bila mtu kunyoosha mkono.

Gari la kiwanda lilirudi nyuma mpaka mlangoni mwa stoo. Mzee Shimba alipiga beleshi, vijana wawili wakapanga masanduku, tabaka la barafu, tabaka la maneno, tabaka la barafu. Beseni la kiranja nalo lilimiminwa humohumo. Paskazia alisimama kando ya gari akiwaambia wale vijana, kwa utaratibu, kwamba kuna moja lake. Walimwambia, mama, yote yanafanana, sisi tutayajuaje? Gari likaondoka. Paskazia alifuta miguu yake majanini na kumwuliza Selestina kama Jumatatu aje saa moja kama kawaida.

"Njoo, mama Chenge," alisema Selestina. Ndipo alipokumbuka dirisha la stoo, Jumatano, na mikono yake ilivyokuwa mizito. Alifungua mdomo aseme. Akaona haitasaidia kitu, akaufunga.

Alifika nyumbani jua likiwa linakaribia kuzama. Alinawa, akafungua leso, akaweka maneno yake yote kumi na moja chini ya ulimi kwa mpigo. Yalikuwa na ladha ya vumbi na chumvi kidogo. Yakayeyuka. Alirudi kuwa na maji, njaa, mpira, nyumbani, mama, mtoto, mwalimu, niache, jua, umechelewa, nimerudi.

Mama alimshika mkono wa gauni, wenye chaki kwenye pindo, akasema sentensi yake. Safari hii ilifunguka yote.

"Mwalimu, nakuomba," mama alikuwa anasema, "mwachie mtoto wangu aje nyumbani. Jua linazama."

Selestina alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikumbuka ua wa minyaa wa shule, na mwanamke aliyekuwa akisimama nyuma yake kila jioni, beseni la samaki kichwani, akingoja mtoto aliyekuwa akifagia. Kumbe miezi yote hii mama hakuwa akiongea na mwanawe hata siku moja. Alikuwa akimbembeleza mwalimu. Ndiyo maana watu wakiwapo alinyamaza. Mambo ya mtoto wako na mwalimu wake huyasemi mbele za watu.

"Nimerudi," Selestina alisema kwa Kiluo.

Ilitoka sauti ya mtoto wa miaka minane. Mama aligeuza kichwa. Hakuutazama uso wa Selestina, alitazama chini yake, usawa wa kiuno, pale ambapo kichwa cha mtoto hufika. Uso wake ukalegea wote, hata ule upande uliokufa. Alimshukuru mwalimu. Kisha akamwuliza mtoto, kwa ukali wa mtu aliyekuwa na hofu: "Mbona umechelewa hivyo?"

Selestina alitafuta jibu. Alipindua yote kumi na moja, hakuna. Jibu la swali hilo hakuwa nalo, kwa sababu hakuwahi kuchapwa kwa ajili yake. Alirudia, nimerudi, nimerudi. Mama alingoja. Alingoja mpaka furaha ilipomtoka usoni, akageukia ukuta, na hakutaka uji.

Jumapili ikawa hivyohivyo: mwalimu nakuomba, nimerudi, mbona umechelewa, kimya. Mama alilia zaidi kuliko siku zile ambazo mtoto hakuwa akirudi kabisa. Selestina alivuka barabara kwa Otuoma, akafundishwa jibu mara tisa, akarudi mdomo mtupu.

Jumatatu mabati hayakuja. Stoo ilikuwa nyeupe, imefagiwa, majembe yameegemezwa ukutani kwa mpangilio. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Selestina. Wakati wa chakula cha mchana Ngosha alimwagiza aondoe lile duara, lisije likawachanganya watoto, na Selestina akambakiza Atieno alifute kwa fagio na maji. Kazi ilichukua muda, chokaa ilikuwa imeshika.

Kengele ya jioni ilipogongwa, kibao kilikuwa shingoni mwa Atieno.

"Ulisema nini?"

Atieno alitazama vidole vya miguu yake. "Mdogo wangu alinikuta bombani, mwalimu. Akaniuliza mbona nimechelewa kwenda kula. Nikamwambia kwa Kiluo: mwalimu alinizuia."

Selestina alisimama na fimbo yake ya mpera. Mwalimu wa zamu ana ruhusa ya kusamehe. Yeye mwenyewe alikuwa amesamehe mara nyingi, siku za mvua, siku za Ijumaa, siku ambazo mkono haunyanyuki. Alimwambia Atieno aliseme tena kwa Kiluo. Mtoto aliogopa kuwa ni mtego, akalisema kwa kunong'ona. Selestina alilirudia. Lilikuwa ndilo, lote. Alitembea nalo hatua saba mpaka kona ya stoo, likawa limekwenda. Akarudi, macho ya mtoto yakimwomba radhi, akalitazama jua.

Alimwambia Atieno ashike ukuta. Alichapa nne, si tatu, na hakupunguza nguvu, kwa sababu hakujua kama fimbo laini inatosha. Aliona aibu tangu ya kwanza. Ya nne ilipotua alisikia kitu chepesi kikianguka ndani ya stoo, kwenye sakafu tupu. Alikwenda akaliokota. Lilikuwa bado na majimaji.

"Fagia uwanja," alimwambia Atieno, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Nyumbani Paskazia alikuwa amemwogesha mama na kumgeuza. Alisema leo amekula kidogo, akachukua kanga yake na kwenda. Mama alisubiri mlango ufungwe. Akamshika Selestina mkono wa gauni. Mwalimu, nakuomba.

"Nimerudi," alisema Selestina.

"Mbona umechelewa hivyo?"

Selestina aliweka neno chini ya ulimi. Likajisema lenyewe, lote, mwalimu alinizuia, kwa sauti ya Atieno, na kwikwi mwishoni.

Mama alisikiliza. Aliutazama ule usawa wa kiuno kwa muda, kisha akainua macho polepole mpaka yakafika kwenye uso wa Selestina, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Mwalimu," alisema, "huyu si mtoto wangu. Huyu ana mama yake, anamngoja. Mrudishe nyumbani."

Selestina alielewa kila neno. Alimfunika mama mpaka kidevuni, akaenda jikoni kukoroga uji. Zamu yake ilikuwa mpaka Ijumaa.